Kwa nini hakuna chanjo ya ugonjwa wa usingizi? Jibu moja liko kwenye miisho ya kromosomu



Katika makanisa yetu ya Maniema kuna swali linalorudi kila mara mafundisho ya afya yanapotolewa. Watoto wetu wanachanjwa surua na polio. Ebola ilipopiga mashariki mwa nchi yetu mwaka 2018, chanjo yake ilifika na watu wengi wakachanjwa. Kwa nini basi ugonjwa wa usingizi, ambao babu zetu waliujua na ambao wengine wanauita malale, hauna chanjo mpaka leo?

Wengi hujibu kwamba ni ugonjwa wa maskini wa vijijini, na kwamba dunia haiwajali. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Lakini hata fedha zote zikipatikana leo, kingebaki kizuizi kingine, nacho kiko ndani ya mwili wa kimelea chenyewe, mahali padogo sana panapoitwa telomea. Mahali hapo pako pia ndani ya kila mmoja wetu. Tumeona vema kueleza jambo hili polepole, kwa sababu anayelielewa ataona pia kwa nini tunawaomba watu wapimwe hata kama hawasikii maumivu.

Upindo wa nguo

Tuanze na uzi wenyewe. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na karibu kila seli inabeba maandishi yanayouelekeza mwili namna ya kujijenga na kufanya kazi. Maandishi hayo yako kwenye uzi mwembamba sana unaoitwa DNA, ambao wengi wetu shuleni tuliufundishwa kwa jina la ADN. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Seli ya mtu haina uzi mmoja, ina nyuzi 46, na kila mmoja unaitwa kromosomu. Kila uzi una miisho miwili. Kwa hiyo katika seli moja kuna miisho 92 ya kulinda.

Kila mama anayeshona anajua shida ya mwisho wa kitambaa. Ukikata kikwembe kwa mkasi na kukiacha hivyo, nyuzi za pembeni zinaanza kufumuka, na baada ya kufuliwa mara chache nguo inaharibika mpaka katikati. Ndiyo maana fundi anakunja upindo. Sehemu ile iliyokunjwa haina ua wala picha, lakini inazuia nguo yote isifumuke.

Telomea ni upindo wa kromosomu. Kwa mtu, upindo huo ni herufi sita zinazorudiwa: TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG, mara elfu na zaidi. Herufi hizo hazitoi maagizo ya kutengeneza protini kama jeni zinavyofanya. Kazi yake ni kukaa pembeni na kulinda jeni zilizo ndani.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1938 na Hermann Muller, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa akichunguza kromosomu za inzi wadogo wa matunda. Wale waliosoma Kigiriki katika shule ya theolojia watalitambua mara moja: telos ni mwisho, na meros ni sehemu. Telomea ni sehemu ya mwisho.

Hatari mbili za mwisho

Mwisho wa kromosomu unakabiliwa na hatari mbili, na kila moja ina ulinzi wake.

Hatari ya kwanza ni kudhaniwa kuwa jeraha. Uzi wa DNA hukatika mara kwa mara, na seli ina mafundi wake, yaani protini zinazotafuta mahali palipokatika na kuunganisha. Kazi hiyo ni njema. Lakini mwisho wa kawaida wa kromosomu unafanana na mahali palipokatika. Mafundi wale wakikosea, wataunganisha mwisho wa kromosomu moja na mwisho wa nyingine, na siku seli inapogawanyika, nyuzi zilizofungwa pamoja zitavutwa huku na huku mpaka zichanike. Barbara McClintock, aliyekuwa akichunguza mahindi huko Marekani katika miaka ya 1930, aliliona jambo hilo kwa darubini: kromosomu iliyokatika ilijiunga, ikachanika, ikajiunga tena, na mmea ukaharibika.

Ulinzi wa hatari hiyo ni kufunika na kukunja. Kwa mtu, protini sita zinakaa juu ya telomea kama kifuniko, na wataalamu wameziita kwa jina moja, shelterini. Tena ncha ya uzi inarudi nyuma na kuchomekwa ndani ya uzi wenyewe, ikifanya kitanzi. Kitanzi hicho kilionekana kwa darubini ya elektroni na kutangazwa mwaka 1999. Mafundi wakipita hapo hawaoni ncha yoyote iliyo wazi, basi wanaendelea na safari yao.

Hatari ya pili inatokea wakati wa kunakili. Kabla seli haijagawanyika, lazima inakili maandishi yake yote ili kila seli mpya ipate nakala kamili. Protini inayonakili haiwezi kuanza kwenye uzi mtupu. Inahitaji kwanza kipande kifupi cha kushikia, nacho huondolewa baadaye na nafasi yake kujazwa kutoka upande wa nyuma. Katikati ya uzi hakuna tabu. Lakini kipande cha mwisho kabisa kikiondolewa, hakuna nyuma ya kuanzia, na nafasi inabaki tupu. Mfikirie mtu anayepaka rangi sakafu ya chumba: anaweza kupaka kila mahali, isipokuwa pale anaposimama. Hivyo, kila seli inapogawanyika, kromosomu inakuwa fupi kidogo. Alexey Olovnikov wa Urusi na James Watson wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waliieleza shida hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Basi kinachopotea kwanza ni upindo, na maandishi ya ndani yanabaki salama. Lakini upindo nao una kipimo. Tangu mwaka 1961 Leonard Hayflick alikuwa ameonyesha kwamba seli za kawaida za mtu zikilelewa katika maabara hugawanyika kama mara 50, kisha zinasimama. Leo tunajua kwamba sababu moja kubwa ni kufupika kwa telomea.

Je, ukoo wa wanadamu ungeendeleaje, kama kila kizazi kingepokea uzi mfupi kuliko cha kabla yake? Jibu lilipatikana katika kiumbe kidogo cha maji baridi kinachoitwa tetrahimena. Elizabeth Blackburn alisoma herufi za miisho yake mwaka 1978. Kisha mwaka 1984 mwanafunzi wake Carol Greider aliona kimeng'enya kinachoongeza herufi kwenye ncha. Kimeng'enya hicho kinaitwa telomerasi. Kinabeba ndani yake kipande kidogo cha RNA kama kielelezo cha fundi cherehani: kinakiweka kwenye ncha, kinaandika herufi zinazolingana nacho, kinasogea mbele, kinaandika tena. Hivyo kilichopotea kinarudishwa. Mwaka 2009 wawili hao pamoja na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa mtu, telomerasi inafanya kazi sana katika seli zinazoleta mbegu za uzazi, na kwa kiasi katika seli zinazotengeneza damu na ngozi mpya. Katika seli nyingine nyingi imezimwa. Hapa tunatoa angalizo, kwa sababu kwenye simu zetu yanapita matangazo ya vidonge vinavyosemwa kurefusha telomea na kurudisha ujana. Msinunue. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumrudishia mtu ujana kwa njia hiyo. Tena seli nyingi za saratani, karibu tisa kati ya kumi, ziliwasha upya telomerasi, na hiyo ni sababu moja inayozifanya zigawanyike bila kusimama. Kuna wema ndani ya kipimo kile tulichowekewa.

Herufi zile zile ndani ya kimelea

Sasa turudi kwenye swali letu. Ugonjwa wa usingizi unaletwa na kimelea cha seli moja kinachoitwa tripanosoma, nacho kinaingizwa mwilini na mbung'o, yule inzi wa tsetse anayeuma mchana kandokando ya mito, kwenye vivuko, visimani na mashambani. Mwaka 1984 wataalamu walitangaza kwamba miisho ya kromosomu za tripanosoma ina herufi TTAGGG. Miaka minne baadaye, mwaka 1988, ikaonekana kwamba za mtu ni zile zile. Kimelea na mgonjwa wake wanalinda nyuzi zao kwa upindo wa aina moja.

Lakini kimelea kimeupa mwisho huo kazi ya pili. Tripanosoma haijifichi ndani ya seli zetu kama kimelea cha malaria. Inaogelea wazi katika damu, mbele ya macho ya ulinzi wote wa mwili. Inachotegemea ni vazi lake. Mwili wake wote umefunikwa na protini ya aina moja, kama milioni 10 kwa idadi, zimesongamana hata ulinzi wetu hauoni kilicho chini yake. Mwili unatengeneza kingamwili za kulipiga vazi hilo, na baada ya siku kadhaa vimelea karibu vyote vinakufa. Lakini vichache vimekwisha kubadili vazi. Hivyo vinaongezeka, mwili unaanza kazi upya, na kabla haujamaliza, vazi la tatu limetoka. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson, huko Liverpool, walihesabu vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja siku kwa siku, wakaona idadi inapanda na kushuka kama mawimbi. Maelezo ya mawimbi hayo yalikuja miaka mingi baadaye.

Mavazi hayo yanatunzwa wapi? Mwaka 2005 maandishi yote ya tripanosoma yalitangazwa. Yalisomwa kutoka kwa ndugu wa karibu wa kimelea chetu, anayeshambulia wanyama, na mbegu yake ilitoka Kenya. Leo inajulikana kwamba kuna jeni za mavazi zaidi ya elfu moja, na sehemu kubwa imewekwa pembeni, karibu na miisho ya kromosomu. Tena zipo kromosomu ndogo sana, kama 100 hivi, ambazo faida yake kubwa ni kuongeza idadi ya miisho, na kwa hiyo idadi ya mavazi.

Ili vazi livaliwe, jeni yake lazima ikae katika mojawapo ya vituo maalumu vilivyo jirani kabisa na telomea. Vituo hivyo ni kama 15 au 20, lakini kwa wakati mmoja kimoja tu kinafanya kazi. Vingine vimenyamazishwa, na moja ya protini zinazovinyamazisha ni ile inayokaa juu ya telomea, iitwayo RAP1. Kubadili vazi kunaweza kuwa kuzima kituo hiki na kuwasha kile. Lakini mara nyingi kimelea kinanakili jeni nyingine kutoka ghalani na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Hata jeni nyingi za ghalani zilizoharibika hazitupwi, kwa maana vipande vyake vinaweza kuunganishwa na kutoa vazi ambalo halijawahi kuonekana.

Kwa nini kazi hiyo ifanywe mwishoni? Fikirini nyumba yenye karakana. Hakuna anayekata mbao na kupiga misumari chumbani mtoto anapolala. Jeni ambazo kimelea hakiwezi kuishi bila hizo ziko katikati ya uzi. Pembeni panaweza kukatwa, kunakiliwa na kuchanganywa bila kuharibu mambo ya msingi. Mwaka 2012 utafiti wa maabara ulionyesha kwamba telomea ya kituo kinachofanya kazi ikiwa fupi, tripanosoma inabadili vazi mara nyingi zaidi. Upindo wenyewe, urefu wake na ulegevu wake, una sehemu katika udanganyifu huo.

Hapo ndipo chanjo inapokwama. Chanjo ni kuwaonyesha walinzi wa mwili sura ya adui kabla hajafika. Surua ina sura ile ile mwaka kwa mwaka. Lakini ukiufundisha mwili vazi moja la tripanosoma, yapo mengine elfu yanayosubiri kwenye miisho.

Kaburi la Kasongo

Historia hii ina mguu wake hapa kwetu. Mwaka 1902 daktari kijana wa Uingereza, Joseph Everett Dutton, ndiye aliyekipa jina kimelea hicho alichokiona katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Mwaka 1903 yeye na mwenzake John Todd, Mkanada, walikuja Kongo kuchunguza ugonjwa wa usingizi, wakapanda Lualaba mpaka Kasongo. Njiani walichunguza pia homa ya kurudiarudia, ile inayoletwa na papasi, kupe wa nyumba za udongo anayeitwa kimputu hapa Kongo. Walionyesha kwamba ni kupe huyo anayeibeba. Wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Bakteria ya homa hiyo ina jina lake mpaka leo: Borrelia duttonii.

Wakati ule hakuna aliyejua kwamba magonjwa hayo mawili yangekuja kukutana pia katika somo la miisho. Bakteria nyingi zina DNA ya duara, kama pete, na pete haina mwisho wa kulinda. Borelia ni tofauti: kromosomu yake imenyooka kama yetu. Lakini haitumii telomerasi. Katika kila ncha, nyuzi mbili za DNA zimeunganishwa kwa mkunjo, kama pini ya nywele, hata hakuna ncha iliyo wazi. Wakati wa kunakili, kimeng'enya maalumu kinakata na kuufunga mkunjo huo upya. Nayo homa hurudi kwa sababu borelia, kama tripanosoma, inabadili vazi. Katika jamii moja ya borelia ya Marekani, iliyochunguzwa sana, jeni ya vazi linalovaliwa iko karibu na ncha ya uzi. Viumbe viwili visivyo na undugu vimefika kwenye hila moja, na mahali pale pale.

Tunachoweza kufanya bila chanjo

Kama mlango wa chanjo umefungwa namna hiyo, je, tumeachwa bila msaada? Hapana, na hili ndilo tunalotaka kila kanisa lisikie.

Ugonjwa wa usingizi unaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila dalili kali. Mwanzoni ni homa inayokuja na kwenda, kichwa kuuma, viungo kuuma, mwili kuwasha, na tezi za shingo upande wa nyuma kuvimba. Baadaye kimelea kinaingia kwenye ubongo. Mtu analala mchana na kukesha usiku, anachanganyikiwa, anabadilika tabia, anakuwa mkali kwa jamaa yake, au anaongea maneno yasiyoeleweka. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa.

Wachungaji wenzetu, mtaona mara moja hatari iliyopo hapa. Dalili hizo za baadaye ni rahisi kudhaniwa kuwa pepo au uchawi. Mama anayelala mbele ya wageni, kijana anayempiga baba yake, mtoto aliyekuwa mwerevu na sasa anasinzia darasani: familia zinaweza kumtafuta mchawi wakati kimelea kinaendelea kubadili mavazi katika damu. Tunaomba pamoja na wagonjwa wetu, na tutaendelea kuomba. Lakini mtu anayetoka kwenye eneo la mbung'o na mwenye dalili hizo, apelekwe kupimwa juma hilo hilo. Na mtu yeyote asishitakiwe kwa uchawi kwa sababu ya ugonjwa unaoweza kuonekana kwa darubini.

Kipimo chenyewe kinatumia hila ya kimelea dhidi yake. Mwaka 1978 wataalamu wa chuo cha tiba ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walitangaza kipimo cha damu kinachotumia vazi moja ambalo tripanosoma ya kwetu, karibu katika kila mgonjwa, huvaa wakati fulani. Hata kama kimelea kimekwisha kulivua vazi hilo, kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake zinabaki katika damu. Tone la damu ya kidoleni linatosha kuuliza kama mwili wako umewahi kulipiga vazi hilo. Likijibu ndiyo, ndipo wanatafuta kimelea chenyewe katika damu au katika maji ya tezi. Tena kwa sababu idadi ya vimelea inapanda na kushuka, siku moja darubini inaweza isione kitu. Kwa hiyo ukiambiwa rudi tena, rudi. Hawakupotezei muda.

Dawa nazo zimebadilika, na wazee wetu wanahitaji kulisikia hili waziwazi. Wengi wanakumbuka sindano ya melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949. Iliunguza mishipa, na katika kila wagonjwa 100 iliua kama watano. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Lakini mwishoni mwa mwaka 2018 nchi yetu iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10. Majaribio yake yaliongozwa na daktari Mkongomani, Victor Kande, na wagonjwa wengi walioyakubali walikuwa Wakongomani. Waliozidiwa sana bado wanahitaji dawa nyingine zenye sindano, na hilo huamuliwa na daktari. Dawa za ugonjwa huu zinatolewa bure kwa mgonjwa kupitia Shirika la Afya Duniani.

Matunda yanaonekana. Mwaka 1998 Afrika yote iliandikisha karibu wagonjwa 40,000, na Kongo peke yake zaidi ya 26,000. Tangu mwaka 2018 wanaoandikishwa Afrika yote hawafiki 1,000 kwa mwaka, ingawa zaidi ya nusu yao wako katika nchi yetu, na Maniema ni moja ya majimbo yenye ugonjwa huo. Uganda ilithibitishwa mwaka 2022 kwamba aina hii ya ugonjwa si tatizo la afya ya umma tena, na Chad mwaka 2024.

Lakini mwaka 1998 una somo. Kabla ya uhuru wa 1960 ugonjwa ulikuwa umeshuka sana katika Kongo. Kisha upimaji ulilegea, na ulipodhoofika zaidi katika miaka ya 1990, ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Kimelea hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa kikingoja ndani ya watu wachache waliojisikia wazima. Hapa ndipo hatari yetu ya leo ilipo: wagonjwa wanapokuwa wachache, watu wanaona hakuna sababu ya kupoteza asubuhi ya shamba kwa kupanga mstari.

Kwa hiyo tunaomba kila kanisa, hasa yale ya kandokando ya Lualaba na ya upande wa kusini mwa jimbo, yafanye mambo matatu. Kwanza, timu ya upimaji inapotangazwa, tangazo lisomwe katika ibada kwa majuma mawili mfululizo, na mchungaji mwenyewe awe wa kwanza kutoa kidole. Pili, mashemasi na mama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa wajue dalili tulizozitaja, hasa tezi za shingo na usingizi wa mchana. Tatu, aliyeambiwa arudi kupimwa asiachwe peke yake. Ndugu mmoja amkumbushe tarehe na, kama njia ni ndefu, amsindikize.

Kimelea kina mavazi zaidi ya elfu moja, lakini vazi moja katika hayo tumekwisha kulijua, na tone la damu linatosha kulitafuta. Kwa hiyo timu ya upimaji ikifika kwenye mtaa au kijiji chenu, nendeni, na mwende na watoto.